Mtandao Ukikatika, Kazi Isisimame: Mwongozo kwa Ofisi Ndogo

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine za ukanda huu zikabaki na mtandao wa kusuasua. Mwaka uliofuata, kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, Tanzania ilikaa siku kadhaa bila intaneti kwa sababu nyingine: ilizimwa. Waganda waliyaona hayo Januari 2021. Hayo ni makubwa na hayatokei kila mwaka. Ya kila wiki unayajua mwenyewe: bando limekata, umeme umeenda na mnara wa simu nao umekufa, watu wa barabara wamechimba wakakata faiba, kadi ya benki imegoma kulipia programu inayouzwa kwa dola.

Siku kama hiyo, ofisi mbili zilizo jengo moja hazifanani. Moja inaendelea kuandika barua, kutoa risiti na kuchapa ripoti. Nyingine watu wamekaa wanatazama skrini. Mara nyingi tofauti haitokani na ubora wa kompyuta wala ukubwa wa bajeti. Inatokana na mahali asili ya kazi yao, yaani mafaili yenyewe halisi, inapokaa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: huduma za wingu, yaani za kuweka kazi kwenye kompyuta za kampuni (seva) zinazofikiwa kwa intaneti, zina faida kubwa, wala sishauri mtu azitupe. Ila asili ya kazi ikae kwako, na wingu libebe nakala. Ofisi nyingi zimejikuta zimegeuza mpangilio huo bila kikao chochote kuamua. Asili iko kwenye seva ya ng'ambo, na kilichobaki mezani ni jina la faili tu. Hatua zinazofuata ni za kurudisha mambo mahali pake. Nimezipanga kwa ofisi yenye kompyuta mbili hadi kumi: shule, zahanati, SACCOS, duka la jumla, steshenari. Mfano nitakaourudia ni ofisi ya mhasibu wa sekondari binafsi, kwa kuwa ina kila kitu: ada, risiti, mishahara, matokeo na barua za wazazi.

Hatua ya kwanza: uzime mtandao wewe mwenyewe

Usisubiri ukatike. Chagua siku ya kawaida ya kazi, si mwisho wa mwezi wala wiki ya mitihani. Watangazie watu siku moja kabla. Saa 2 asubuhi chomoa waya unaoleta intaneti kwenye ruta, au toa laini ya simu kama ruta inatumia laini. Ruta yenyewe iache ikiwaka. Sababu utaiona kwenye hatua ya nne. Kisha kila mtu azime kompyuta yake na kuiwasha upya. Hilo la kuwasha upya usiliruke, kwa sababu programu nyingi huendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa bila mtandao kwa kutumia ulichokwisha kukifungua asubuhi, halafu zinakwama pale tu unapozifungua tena.

Mteue mtu mmoja akae na daftari. Kila kinachokwama kiandikwe: saa ngapi, nani, alitaka kufanya nini, na skrini ilisema nini neno kwa neno. Kama Windows imeandika "The cloud file provider is not running", andika hivyo hivyo, usiandike "faili limegoma". Ujumbe huo unakuambia kwamba faili unaloliona kwenye folda halimo kwenye kompyuta. Ukiandika "limegoma", kesho hutajua pa kuanzia.

Usirekebishe chochote siku hiyo. Acha jaribio liende hadi saa 7 mchana. Baada ya chakula rudisha mtandao, mkae na daftari, mgawe orodha yenu mafungu matatu. La kwanza ni kazi ambazo haziwezi kusimama hata saa moja: risiti ya mzazi aliyeshika pesa dirishani, kadi ya mgonjwa, bei za bidhaa. La pili ni zinazoweza kungoja kesho. La tatu ni zile ambazo haziwezekani bila intaneti hata ufanyeje, kama barua pepe na tovuti za serikali. Nguvu zako zote zipeleke kwenye fungu la kwanza. Nimeona watu wakihangaika kupakua picha za sherehe ya mahafali wakati daftari la ada bado liko mtandaoni tu.

Hatua ya pili: hakikisha faili lipo kweli

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, kwa hiyo twende polepole.

Kompyuta mpya za Windows 11 mara nyingi zinahamishia folda za Desktop na Documents kwenye OneDrive, wingu la Microsoft, tangu siku ya kwanza. Mtu anahifadhi barua kwenye Desktop kama alivyozoea miaka yote, akiamini iko hapo. Ili kuokoa nafasi, OneDrive inaweza kuliacha jina la faili kwenye kompyuta na kulibakiza faili lenyewe mtandaoni. Fungua folda uangalie alama ndogo iliyo pembeni ya kila faili. Ukiona kiwingu cha buluu, faili haliko kwako. Ukiona duara jeupe lenye alama ya vema ya kijani, lipo, lakini kompyuta inaruhusiwa kuliondoa siku diski ikijaa. Ukiona duara la kijani kibichi lililojaa, lenye vema nyeupe ndani, hilo limefungwa kwako. Bofya kitufe cha kulia juu ya folda ya kazi, chagua "Always keep on this device", uache kompyuta ikiwa na mtandao mpaka alama zote zigeuke kijani kilichojaa. Folda kubwa itakula bando, basi ifanye usiku au mahali penye faiba.

Google Drive ina mtego wake, na naona huo ni mkubwa zaidi. Ukiweka programu ya Drive kwenye kompyuta, unapewa njia mbili: "Stream files", ambayo inakuonyesha majina na kuleta faili pale tu unapolifungua, na "Mirror files", ambayo inaleta mafaili yote. Njia inayokuja yenyewe ni ile ya kwanza. Nenda kwenye mipangilio ubadilishe iwe ya pili. Lakini hata ukishabadilisha, nyaraka zilizoandikwa ndani ya Google Docs na Google Sheets hazishuki. Angalia faili lenye mwisho wa .gsheet, bofya uone ukubwa wake: ni dogo mno, hata kama jedwali lina wanafunzi mia nane na malipo ya mihula mitatu. Ndani yake mna anwani ya mtandaoni tu. Ukilinakili kwenye flashi ukampelekea mkaguzi wa hesabu, umempelekea anwani.

Dawa ziko mbili, na mimi ningetumia zote. Ya haraka: fungua Drive kwa Chrome au Edge, ingia kwenye mipangilio, washa Offline, kisha yawekee mafaili muhimu alama ya kupatikana bila mtandao. Utaweza kuyafungua na kuyahariri kwenye kompyuta hiyo hiyo na kivinjari hicho hicho. Dirisha la siri halitakubali, na mtu akifuta kumbukumbu ya kivinjari imekula kwako. Ya kudumu: kila Ijumaa, jedwali la ada na nyaraka nyingine mama zipakuliwe kama .xlsx na .docx, ziwekwe kwenye folda yenye tarehe. Kwa kupakua kila kitu kwa mkupuo kuna huduma ya Google Takeout, inayokuletea nyaraka zako zote zikiwa zimegeuzwa kuwa mafaili ya kawaida. Ifanye walau mwisho wa kila muhula.

Hatua ya tatu: zikague programu na leseni zake

Faili likiwa kwako na programu ya kulifungua ikawa haitaki, bado hujafika.

Microsoft 365 unayoilipia kwa mwezi au mwaka huwekwa kwenye kompyuta na inafanya kazi bila mtandao, ila inataka kuonana na seva zake karibu kila mwezi. Ukivuka takribani siku 30 bila kuiunganisha, inakuruhusu kusoma na kuchapa tu, kuandika hapana. Kwa kukatika kwa kawaida hilo si tatizo. Linakuwa tatizo kwenye kompyuta ya tawi la kijijini ambayo haijawahi kuonja intaneti tangu Januari. Programu za Adobe nazo zina muda wao wa kusubiri: siku 30 kwa anayelipa kwa mwezi, siku 99 kwa aliyelipa mwaka mzima. Na jambo la kulijua kuhusu leseni za aina hii ni kwamba anayeweza kuzizima si kampuni ya simu peke yake. Oktoba 2019 Adobe ilitangaza kufunga akaunti za wateja wa Venezuela kwa sababu ya amri ya serikali ya Marekani. Baadaye mwezi huo huo uamuzi ulibatilishwa, lakini kwa wiki kadhaa wabunifu wa Caracas walikuwa wanahesabu siku.

Kwa ofisi ndogo pendekezo langu ni LibreOffice. Ni ya bure, haina akaunti, haina leseni inayoisha, inafungua na kuhifadhi .docx na .xlsx. Kifurushi chake cha Windows ni takribani MB 350. Unakishusha mara moja, unakiweka kwenye flashi, unakipachika kwenye kompyuta zote kumi bila kutumia hata MB moja zaidi. Barua iliyoandikwa kwa Calibri haitavurugika mistari, kwa kuwa inakuja na fonti ya Carlito yenye vipimo vile vile. Majedwali yenye makro nzito za Excel (amri zinazojiendesha zenyewe) yatasumbua. Hayo yabakize kwenye Excel. Anayetaka Office ya kununua mara moja na kuimiliki, ipo: Office 2024, inayohitaji intaneti siku ya kuiwasha. Na zile Office za kukraki zinazouzwa kwenye CD na flashi mitaani, tafadhali ziache. Anayekupa ufunguo wa kuvunja kufuli hujui ameweka nini kingine ndani, na kompyuta ya ada ndiyo ya mwisho unayotaka mtu huyo aiingie.

Hesabu ndilo eneo linalohama kwa kasi zaidi kwenda wingu. Intuit, kampuni ya programu ya hesabu ya QuickBooks, iliacha kuuzia wateja wapya wa Marekani matoleo yake mengi ya kompyuta baada ya Septemba 2024, na kuwasukuma kwenye ile ya mtandaoni. Kwa anayetaka vitabu vyake vikae ndani ya ofisi, Manager ina toleo la kompyuta la bure linalofanya kazi lote bila intaneti, na GnuCash ipo kwa anayeelewa vizuri debiti na krediti. Kabla ya kuhamia programu yoyote, ya bure au ya kulipia, muuzaji aulizwe maswali matatu mbele ya mhasibu: Bila intaneti naweza kuingiza malipo mapya? Naweza kutoa data zangu zote kwa Excel bila kuomba ruhusa? Nikiacha kulipa, nitaendelea kuziona? Akijibu kwa kuzunguka, umeshapata jibu.

Usisahau printa. Zile za HP za mpango wa HP+ zilinunuliwa kwa masharti ya kuunganishwa na intaneti wakati wote na kutumia wino wa HP pekee. Kwa ofisi ya huku, printa ya waya wa USB isiyohitaji akaunti ni bora kuliko yenye mbwembwe zote. Mwenye mashine ya risiti za kodi pia amuulize aliyemuuzia: mtandao ukikata, mashine inaendelea kutoa risiti kwa muda gani kabla ya kujifunga, na zile zilizotolewa zinapelekwaje baadaye? Jibu libandikwe ukutani juu ya mashine.

Hatua ya nne: waifai si intaneti

"Mkuu, mtandao hakuna, siwezi kukutumia ile ripoti," anasema katibu muhtasi. Mkuu wa shule yuko chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yao. Ripoti hiyo kila siku husafiri mpaka nje ya nchi na kurudi ili ivuke mlango mmoja.

Ruta yako inafanya kazi mbili tofauti: kuleta intaneti kutoka nje, na kuunganisha vifaa vya ndani. Ya kwanza ikifa, ya pili inaendelea kama kawaida, mradi ruta ina umeme. Ndiyo maana nilisema usiizime siku ya jaribio. Ruta ndogo inakula umeme kidogo sana, na betri zake zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta. Ukiwa na betri hiyo na kompyuta mpakato, umeme ukikatika saa 4 asubuhi ofisi inafika mchana.

Sasa itumie hiyo ruta. Kwa kutumiana mafaili ya papo kwa papo weka LocalSend kwenye kompyuta na simu zote. Ni ya bure, ipo kwa Windows, Android, iPhone, Mac na Linux, na haihitaji akaunti wala intaneti. Ukiifungua unaona majina ya vifaa vilivyo kwenye waifai hiyo, unachagua, unatuma. Ikikataa kuonana, mara nyingi ni kwa sababu mmoja ameunganishwa kwenye waifai ya wageni, ambayo huwatenganisha watumiaji wake.

Kwa folda ambayo watu watatu wanaifanyia kazi kila siku, weka Syncthing. Inafananisha folda kati ya kompyuta na kompyuta moja kwa moja, bila seva ya mtu katikati. Mhasibu akihifadhi jedwali, muda mfupi baadaye lipo kwenye kompyuta ya msaidizi wake, hata kama mji mzima hauna intaneti. Kwenye Android tumia tawi linaloitwa Syncthing-Fork. Baada ya kuipachika, fungua mipangilio ya folda na uwashe "File Versioning", maana Syncthing ni mtiifu kupita kiasi: ukifuta faili huku, inalifuta na kule. Ukiwasha hiyo, matoleo ya zamani yanahifadhiwa pembeni.

Shule au zahanati yenye nafasi inaweza kwenda mbali zaidi, ikaweka kompyuta moja iwe seva ya ndani. Kolibri, jukwaa la masomo lenye lugha ya Kiswahili, limetengenezwa kwa mpangilio huo hasa: masomo yanawekwa kwenye mashine moja, wanafunzi wanayafungua kwa waifai ya shule, intaneti haihusiki. Kiwix nayo inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima kama faili moja. Ya Kiswahili ni ndogo na inaingia kwenye simu. Ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100, basi hiyo iletwe kwenye diski na mtu anayetoka penye mtandao mzuri. Kwenye afya, OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao mizizi yake iko Eldoret tangu 2004, inaweza kukaa kwenye seva iliyo ndani ya kituo.

Hatua ya tano: funguo ziwe za kushikika

Faili lipo, programu ipo, na neno la siri limehifadhiwa kwenye akaunti ya mtandaoni. Hali hii ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Anza na ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows. Windows 11 inapowekwa kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi inaifunga diski kwa siri yenyewe, na ufunguo wa kuifungulia, wenye tarakimu 48, inauweka kwenye akaunti hiyo. Siku kompyuta ikipata hitilafu ikaudai, nawe huna mtandao, hata fundi hodari hatakusaidia. Uchapishe leo. Karatasi iende kwenye kabati la chuma la mhasibu, ikiwa na jina la kompyuta inayohusika.

Maneno ya siri ya ofisi yawekwe kwenye KeePassXC, ambayo inayahifadhi yote ndani ya faili moja lililofungwa lililo kwenye diski yako. Kwa akaunti zinazodai tarakimu za uthibitisho, acha zile za SMS uhamie programu ya simu inayotoa tarakimu kila sekunde 30. Hiyo inakokotoa kwa saa ya simu na siri iliyopewa mwanzoni, kwa hiyo inafanya kazi hata simu ikiwa haina laini. Saa ya simu tu iwe sahihi.

Na watu wawili, siyo mmoja, wajue jinsi ya kulifungua kabati.

Hatua ya sita: nakala, tena nakala

Ukishaleta asili nyumbani, mzigo wa kuilinda ni wako. Mwizi, moto, maji ya mvua, diski iliyochoka: wingu lilikuwa linakukinga na hayo, sasa jikinge. Kanuni ya kufuata ni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa ofisi yetu ya ada tafsiri yake ni hii: asili kwenye kompyuta ya mhasibu, nakala kwenye diski ya nje inayochomekwa Jumatano na Ijumaa, ikichomolewa mara tu kazi ikiisha, nakala ya tatu mtandaoni, kwenye Drive au OneDrive ile ile uliyonayo. Hapo wingu linafanya kazi yake nzuri kuliko zote.

Tarehe 10 Machi 2021 moto uliunguza kituo cha data cha OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na waliokuwa hawana nakala mahali pengine walipoteza data moja kwa moja. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia ulifutiwa mfumo wake kwa bahati mbaya upande wa Google Cloud. Walirudi kazini baada ya takribani wiki moja, wakisaidiwa na nakala walizokuwa wameweka kwa mtoa huduma mwingine. Kwa hiyo usiitegemee kampuni moja, wala usiitegemee diski moja.

Diski ya nje iformatiwe kwa mpangilio wa exFAT, kwa sababu ule wa FAT32 haupokei faili linalozidi GB 4. Ifungwe kwa neno la siri, maana ina majina ya watoto, namba za simu za wazazi na mishahara ya walimu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, kama ile ya Kenya ya 2019, haijali kama taarifa zilivuja kutoka mtandaoni au kutoka kwenye mkoba uliosahaulika kwenye daladala. Tenga flashi moja ya kupelekea kazi steshenari, isiyo na kitu kingine ila PDF unayotaka kuchapa. Virusi vinavyogeuza mafaili kuwa njia za mkato (shortcut) bado vinazunguka kwenye kompyuta za kuchapishia, na flashi hiyo ikirudi ifutwe kabla ya kuchomekwa tena kwenye mashine ya ada.

Mara moja kwa muhula, chukua diski ya nakala, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue jedwali la ada na utafute malipo ya mwanafunzi mmoja uliyemchagua bila mpango. Ukimpata, una nakala. Usipompata, una diski tu.

Hatua ya saba: kazi za nje ya meza

Pesa kwanza. Watu wamezoea app kiasi cha kusahau kwamba menyu za namba hazitumii data kabisa. Zinahitaji mnara wa simu tu. M-Pesa ya Vodacom Tanzania ni *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#. Kenya, M-Pesa ni *334#. Ziandike kwenye karatasi ya dirishani, pamoja na namba ya lipa ya ofisi, na msaidizi wa mhasibu afanye muamala mmoja kwa njia hiyo aone hatua zake.

Wanaokusanya taarifa vijijini watumie KoboCollect au ODK Collect: fomu inajazwa na kuhifadhiwa ndani ya simu, inatumwa siku mtandao ukipatikana. Madereva na wasambazaji waweke Organic Maps au OsmAnd, washushe ramani ya nchi nzima wakiwa mjini. Haya ni ya nusu saa, hayahitaji maelezo marefu.

Hatua ya nane: mtandao ukirudi

Wengi hudhani kazi imekwisha hapo, kumbe saa ya kwanza baada ya mtandao kurudi ndiyo inayoharibu hesabu nyingi. Mhasibu aliandika malipo kwenye nakala yake, msaidizi naye kwenye yake, na sasa mafaili mawili yanakutana. Google Docs itajaribu kuyachanganya mabadiliko. OneDrive inaweza kukuachia faili la pili lenye jina la kompyuta mwishoni. Syncthing itaweka faili lenye neno "sync-conflict" na tarehe. Hakuna hata moja inayojua kwamba mzazi yule yule amelipa mara moja na kuandikwa mara mbili.

Kwa hiyo wekeni utaratibu kabla. Wakati wa kukatika, jedwali la ada linaandikwa na mtu mmoja kwenye kompyuta moja. Wengine wanaandika kwenye kitabu cha risiti cha karatasi chenye namba zilizochapwa. Mtandao ukirudi, kabla ya kufungua kingine chochote, yule mmoja ananakili faili lake kwenye diski ya nje, anaingiza risiti za karatasi kwa kufuata namba, kisha anaruhusu kompyuta zifanane. Halafu tafuteni kwenye folda nzima neno "conflict" na majina ya kompyuta zenu. Kila faili litakalotokea lifunguliwe na kulinganishwa mstari kwa mstari na watu wawili, mmoja akisoma namba ya risiti, mwingine akiweka vema.